Zamu ya Aliyekosea

Mkwe wangu aliunguza wali wiki iliyopita, akataka kuitoa sufuria nje kabla sijaiona. Nikamshika mkono. "Acha palepale," nikamwambia. "Ongeza moto." Akaniangalia, na nikajua anawaza kwamba sasa mama mkwe akili zimeanza kumtoka. Watoto walikuwa wameshaziba pua na kufungua madirisha yote. Mimi nikavuta kiti karibu na jiko, nikaketi ndani ya moshi ule, machozi yakanitiririka, na sikuona haya hata kidogo. Mchele unaoungua una hatua zake. Kwanza unanuka chakula kilichoharibika. Ukiuvumilia, unanuka kahawa. Ukizidi kuuvumilia mpaka punje zote ziwe makaa, unanuka wino, na kwa wino ule sisi wasichana wa Mwalimu Zaina tulijua kusoma.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kindu, huku Kongo, mnaujua. Tuliusaga juu ya jiwe, tukauchanganya na maji na utomvu kidogo ili ushike, tukachonga kalamu za matete, tukaandika juu ya mbao zetu. Aya ukiisha kuihifadhi unaiosha, unaandika nyingine. Na chuo, kwa wajukuu zetu wanaofikiri chuo ni jumba la ghorofa, kilikuwa kibaraza cha nyumba ya udongo, mkeka mmoja mrefu, na watoto kumi na watatu wenye njaa waliokuja kusoma Kurani.

Shule za mapadri zilikuwepo. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba: mtoto wa Mwislamu alipita akiwa ameliacha jina lake nje. Baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu wa maneno machache, akasema binti yake hatabadilishwa jina ili ajue kuhesabu mifuko ya watu. Basi nikapelekwa kwa Mwalimu Zaina. Mume wake ndiye aliyekianzisha chuo, wavulana na wasichana pamoja. Alipofariki, wavulana walihamishiwa kwa mwalimu mwanamume ng'ambo ya soko, na sisi wasichana tukaachwa kwa mjane, kwa sababu hakuna bwana aliyetaka kumaliza wino wake kwa ajili yetu. Wee! Wangejua.

Chuo kile, kama vyuo vyote, kilikuwa na halifa. Halifa ni mwanafunzi mkubwa anayeshika fimbo mwalimu akiwa na kazi nyingine. Sisi hatukuona ajabu yoyote, maana Kindu yetu yote ilikuwa hivyo. Barabara ilikuwa na kapita, msimamizi wa kazi. Bandari ilikuwa na kapita. Shamba la mchele ambalo Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, aliwalazimisha mama zetu kulima lilikuwa na kapita, na kapita alikuwa na kapita wake. Nilipokuwa mdogo niliamini hata mbinguni kuna kapita mmoja anayehesabu malaika kila asubuhi.

Eda ya Mwalimu ilipokwisha, ilimbidi ale. Akaanza kuwatwangia watu mchele, apate kibaba chake katika kila kikapu. Asubuhi moja akakiviringisha kinu chake mpaka katikati ya uwanja, hatua chache tu kutoka kibarazani, akatuambia, "Someni," akatoka akatupa mgongo. Fimbo ikabaki inaning'inia kwenye msumari wake. Tukangoja arudi. Hakurudi. Tukasikia mchi tu: pu, pu, pu.

Hawa ndiye aliyeichukua fimbo. Hawa alikuwa mkubwa kuliko sote, tayari alikuwa na mchumba, na mkono wake ulikuwa mzito. Hakuna aliyempa uhalifa, na hakuna aliyeuliza. Alitupiga kwa kuchelewa, akatupiga kwa kukohoa, akampiga Mwayuma, aliyekuwa na miaka sita labda, kwa sababu aliota jino vibaya na maneno yalimtoka na upepo. Lakini Hawa mwenyewe alikuwa anaruka aya. Katika sura moja aliruka aya mbili nzima, na sisi kwa kuogopa fimbo tukaruka naye. Kwa wiki nzima tuliisoma sura ile na pengo lake, kwa sauti kubwa, majirani wakisema mashallah.

Mimi nililijua pengo lile. Nilikuwa na kichwa cha kushika, nikisikia kitu mara moja kinakaa. Na nilijua kwamba Mwalimu Zaina, ambaye zamani mtu akikosea irabu moja nyuma ya nyumba alimsikia, sasa hasikii. Mimi na akili zangu nikaelewa jambo lililotokea: mchi umemuua masikio. Kutwanga kutwa nzima, pu, pu, pu, masikio yameziba. Mwalimu wetu amekuwa kiziwi na anaona aibu kusema.

Nilimwambia mama yangu nikiwa nalia. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka, maana hata yeye hakuwa na hakika. Akapasha mafuta ya mawese na kipande cha kitunguu, akanitilia kwenye chupa ndogo, akanipa unyoya wa kuku wa kudondoshea. Asubuhi nikamfuata Mwalimu kwenye kinu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Mwalimu! Mama anatuma dawa! Ya masikio!"

Aliegemeza mchi. Alinitazama mimi, akatazama chupa, akapiga magoti mbele yangu akainamisha kichwa. Nikamdondoshea upande mmoja, nikamdondoshea upande wa pili. Akajifuta kwa pembe ya kitenge.

"Aksanti, mama," akasema taratibu. "Sasa nasikia vizuri. Nasikia Hawa anaruka aya mbili."

"Njo vile, Mwalimu!" nikasema, yaani ndivyo hivyo. "Ni siku ya sita anaruka!"

"Weye ulisikia?"

"Nilisikia tangu siku ya kwanza."

"Mbona haukumuambia?"

Nikatafuta jibu, nikaliona. "Miye si mwalimu."

"Aa," akasema, akachukua mchi. "Na miye natwanga."

Nilirudi mkekani nimechanganyikiwa kabisa. Nilichoelewa ni kwamba dawa imefanya kazi, na kwamba sasa kwa kuwa anasikia, tumuombe atusaidie. Nikawanong'onezea wenzangu, na mchana, Hawa alipokwenda kunywa maji, kumi na wawili tukamzunguka Mwalimu kwenye kinu tukamwomba achague halifa mwenye haki. Tulikuwa tunaomba fimbo, jamani! Tulikuwa tunaomba fimbo kwa mdomo wetu wenyewe, tulichotaka ni mkono mwepesi tu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira.

"Halifa ya nini?" akauliza.

"Ya kutuongoza, Mwalimu."

"Muko wangapi hapa?"

"Kumi na mbili. Na Hawa, kumi na tatu."

Alikwenda kibarazani. Hawa alikuwa amerudi, amesimama na fimbo yake. Mwalimu hakumgombeza. Alinyoosha mkono, Hawa akampa, na yule mama akaivunja fimbo ya marehemu mume wake juu ya goti lake mwenyewe, vipande vitatu, akavisukuma chini ya sufuria ya mchele wa wino uliokuwa jikoni. "Wino inataka kuni," akasema. Kisha akatugeukia. "Pangeni weye na mwenzako namna ya kusoma. Mukishindwa, mushindwe. Ukiwa na swali, miye niko pale kwa kinu. Lakini ulizo lije na miguu yake. Miye sitalifuata."

Alikuwa hivyo kweli. Ukimuuliza alijibu, na alijibu vizuri, mchi ukiwa hewani. Usipomuuliza alitwanga.

Siku tatu tuligombana. Majirani sasa hawakusema mashallah, walisema mjane ameshindwa. Hakuna aliyetaka kukaa mbele, kwa sababu anayekaa mbele husoma wa kwanza, na anayesoma wa kwanza ndiye anayechekwa. Hawa alikuwa amenuna, hasemi na mtu. Wengine walitaka tupige kura kwa vijiti. Wengine walitaka mkubwa kwa umri, yaani turudi palepale kwa Hawa. Ni Mwayuma, yule wa meno yenye upepo, aliyesema kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa:

"Ule alikosea sana leo, njo ataongoza kesho."

Tukacheka. Hawa naye akacheka, kwa mara ya kwanza.

"Kwetu njo vile," Mwayuma akasema. "Ukimwaga maji, njo weye unaenda mutoni kuchota ingine. Haupigwe. Unachota tu."

Tulikubali kwa sababu tuliona ni adhabu nzuri. Huo ndio ukweli, msije mkafikiri tulikuwa na hekima. Tuliona: aliyekosea akakae mbele aone aibu. Basi kila mtu akikosea, tulimwekea punje moja ya mpunga mbele ya ubao wake, na honi ya mchana ya gare, stesheni ya gari ya moshi, ikilia tukahesabu. Siku ya kwanza Hawa alipata punje kumi na moja, maana sasa hakukuwa na fimbo ya kutuzuia kusikia.

Kesho yake Hawa alikuja akiwa wa kwanza kufika. Alikuwa amesimama kwenye kinu alfajiri akimuuliza Mwalimu zile aya mbili, mara nne, mara tano. Akakaa mbele, akasoma sura nzima bila pengo, akatutazama kwa jeuri, na hakuna aliyecheka. Aliyefuata alifanya vivyo hivyo. Na aliyefuata. Nani atakubali kukaa mbele ya watu na kosa lilelile mkononi? Ndani ya miezi michache chuo cha wasichana wa mjane kilikuwa kinasoma vizuri kuliko cha wavulana ng'ambo ya soko, na mwalimu wao alipita siku moja akijifanya anatafuta mbuzi wake, akasikiliza, akaenda zake kimya.

Wananiambia, wakwe na wajukuu, na hata walimu vijana wanaokuja kunywa chai kwangu, "Bibi, samaki mkunje angali mbichi." Nawajibu: sawa. Mimi si samaki. Nilikunjuka mwenyewe mbele ya watoto kumi na wawili, na nisingekunjuka kama mtu angenishika mkia.

Lakini nimejisifu mapema. Mimi ndiye niliyechelewa kuliko wote. Katika kanuni ile niliona mlango wa kutorokea: asiyekosea haongozi. Na mimi sikutaka kuongoza. Mbele ya watu sauti yangu ilikuwa inakauka. Basi nikaapa kutokosea. Nilisoma nikipika, nilisoma nikichota maji, nilimuuliza Mwalimu maswali mpaka mchi ukamchosha. Wiki ziligeuka miezi, wote walikaa mbele, wengine mara kumi, Mwayuma nadhani mara ishirini, na mbele ya ubao wangu hakukuwa na hata punje moja.

Siku moja Mwalimu alipita akipepeta, akasimama.

"Punje zako ziko wapi?"

"Sina, Mwalimu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Tangu mwanzo." Nikanyoosha mgongo, nikingoja sifa.

"Pole, mama," akasema, akaenda na ungo wake.

Pole! Nilikasirika nikashindwa kula mchana ule. Niliona ananionea kijicho. Mtoto bora kuliko wote anapewa pole, kama aliyefiwa!

Halafu neno likaanza kutembea sokoni kwamba mkubwa wa boma hataki tena vyuo hivi vya Kurani. Kila anayefundisha awe na karatasi ya boma, na asiye na karatasi atafungwa. Na karatasi yenyewe, ukienda kuiomba, unaambiwa urudi kesho, na kesho unaambiwa urudi kesho. Mama yangu alimuuliza Mwalimu Zaina mbele yangu, sokoni, kwa sauti ya chini.

"Sasa utafanya je, dada?"

"Miye? Amri inasema hakuna kufundisha. Haikusema hakuna kusoma." Alifunga mchele wake. "Miye natwanga tu. Kuna amri ya kinu?"

Mama alicheka. Mimi nilisimama pale, nikasikia kila neno, na sikuelewa hata moja. Nilidhani ni mzaha wa watu wakubwa. Kichwa changu cha kushika kilishika maneno yote, kikayaweka, basi.

Polisi alikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Hakuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Alivaa kofia yake nyekundu, na kiunoni alikuwa na kamba iliyoviringishwa. Sote tuliiona ile kamba. Mbele ya mkeka alikuwa amekaa Mwayuma, kwa punje tatu za jana, na tulikuwa katikati ya sura.

"Nyamaza! Wote!"

Mwayuma alimwinulia kiganja. "Ngoja, baba. Sura haiyaisha."

Wallahi, alingoja! Lile jitu lenye bunduki begani na kamba kiunoni lilisimama pale, mguu mmoja kibarazani na mmoja nje, likangoja. Mwayuma hakuharakisha. Alisoma aya kwa aya, nasi nyuma yake, kule uwanjani mchi ukienda kwa mwendo wake uleule. Tulipomaliza alijipangusa uso kwa viganja viwili, akamwangalia.

"Sema sasa, baba."

"Mwalimu yenu njo nani?"

"Leo njo miye."

Polisi alicheka. Alicheka kwa muda, akapangusa macho. "Hapana. Mukubwa. Mwalimu mukubwa. Ule anafundisha. Nani?"

Hakuna aliyejibu. Hawa alitazama ubao wake. Wengine walitazama vidole vya miguu. Na haikuwa uongo kunyamaza, hilo naomba mlielewe, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuwa anafundisha pale. Ilikuwa kweli tupu. Yule mama alikuwa ameijenga kweli ile kwa mwaka mzima, punje kwa punje, mgongo wake ukiwa umetugeukia, na ingetosha tu tuiache isimame.

Polisi akapitisha macho juu yetu mmoja mmoja, akafika kwangu. Nilikuwa nimekaa wima. Ubao wangu ulikuwa safi. Nilikuwa na uso wa mtoto anayejua.

"Weye," akasema kwa upole. "Weye uko na akili. Mwalimu njo nani?"

Nilikuwa sijawahi kukosa jibu. Miezi yote ile, swali likiulizwa, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla sijalitafuta. Mkono ukainuka wenyewe. Kidole kikanyooka, kikapita juu ya kichwa cha Mwayuma, kikatoka uwanjani mpaka kwenye kinu.

Mchi ulinyamaza. Polisi alikwenda.

"Mama, weye njo mwalimu?"

"Miye natwanga muchele ya watu."

"Ule mutoto anasema njo weye."

Mwalimu Zaina alinitazama. Angeweza kusema mtoto yule ni punguani. Angeweza kusema nina homa, nina majini, sina adabu. Polisi hakunijua, angemwamini. Mimi mwenyewe, kidole kikiwa bado hewani, nilitamani aseme.

"Kama ule njo amesema," akajibu, "basi njo vile. Ule mutoto hakosei."

Akaegemeza mchi ukutani. Akajifunga kitenge vizuri. Akamwambia Hawa kikapu kile ni cha jirani fulani, wakimalize kutwanga wampelekee. Kwetu sisi hakusema someni, hakusema acheni. Polisi hakutumia kamba. Walitembea tu, yeye mbele na polisi nyuma, na kutoka nyuma ungedhani yeye ndiye anayempeleka polisi mahali.

Nyumbani mama aliuliza nani aliyemwonyesha. Nikasema miye. Nilifumba macho nikingoja kofi. Mama akasukuma sahani mbele yangu. "Kula," akasema. Kofi lingenifaa zaidi.

Mwalimu aliwekwa boma siku tatu, kina mama wakimpelekea chakula kwa zamu. Siku ya nne wakampandisha gari ya moshi kwenda Kibombo, kwa kaka zake, na amri kwamba Kindu asirudi tena. Watu wengi walikwenda gare. Mimi sikwenda. Nilijificha nyuma ya jiko letu, nikasikia honi, nikaziba masikio, na baada ya kuziba nikaendelea kuisikia.

Watu wema, nikiwasimulia haya, huniambia, "Ulikuwa mtoto, Bibi. Hukuwa na kosa." Nawakatalia. Nawakatalia kwa ukali, na wengine wamekasirika wakaondoka bila kumaliza chai. Kosa lile ni langu. Mkininyang'anya kosa langu mtaninyang'anya na kile kilichokuja nalo, na hicho siwapi.

Maana jioni ile ile ya gari ya moshi, Mwayuma alizunguka nyumba hadi nyumba, ubao kichwani, anasema neno moja: "Kesho." Hakuna mkubwa aliyemtuma. Alifika na kwetu. Mama alimwitikia, mimi nikiwa nimejificha. "Muambie kesho," akasema yule mtoto, akaenda zake.

Nilikwenda. Sijui nilikwenda kwa miguu ya nani. Kibaraza kilikuwa kimefungwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, kwa hiyo wenzangu walikuwa wametandika mkeka uwanjani. Wote walikuwepo, kumi na wawili. Niliposogea nilitegemea Hawa atanitemea mate. Alisogea kidogo tu, akaniachia nafasi yangu ya kila siku. Nikakaa.

"Siku ile," Mwayuma akasema, "nani alikosea sana?"

Punje za siku ile zilikuwa zimekanyagwa zote kibarazani, hazionekani. Hakuna aliyelitaja jina langu, wala hakuna aliyenitazama, watoto wa watu wale, Mungu awalipe. Wangeweza kusema tuanze upya. Wangeweza kumwacha Mwayuma aendelee. Walingoja tu.

Nikapapasa chini mpaka nikapata punje moja ya mpunga, nikaipangusa udongo, nikaiweka mbele ya ubao wangu mwenyewe. Kisha nikainuka na ubao, nikapita katikati yao, nikaketi mbele.

Sauti haikutoka. Nilifungua mdomo, ikaja hewa tupu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nikajaribu tena, ikatoka kidogo, imepasuka, mbaya, na wote kumi na wawili wakaipokea kwa nguvu, ndege waliokuwa juu ya paa wakaruka. Aya ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu nilikosea. Nilikosea kabisa, nikasikia Hawa ananirudisha, nikarudi, nikaendelea, na jasho lilikuwa linanitoka kama niliyebeba mzigo wa bandarini.

Tulikuwa tumefika katikati nilipoiona kofia nyekundu kwenye kona ya nyumba. Alikuwa yeye yule. Amekuja kuhakikisha, nadhani, kwamba mbao bado ziko kwenye misumari. Alisimama. Wenzangu walimwona, sauti zikaanza kupungua moja moja, na mimi, ambaye sikuwahi kusema neno mbele ya watu, niliinua kiganja kwake, nikasoma mpaka mwisho wa sura.

"Nani anafundisha hapa sasa?" akauliza. Safari hii hakucheka.

"Hakuna," nikasema. "Tunasoma."

"Nani anaongoza?"

"Leo njo miye."

Akatoa kijitabu chake mfukoni. Akalamba ncha ya kalamu. "Na kesho?"

"Bado hatuyajua, baba," nikamwambia. "Ya leo hatuyamaliza kukosea."